Eti Ni Urembo

Jumanne, 5 Juni 2018

Wamekataa! Famasi ya Kensington, watu wamepanga foleni nyuma yangu na vikohozi vyao, mfamasia akatangaza kwa sauti ya sokoni: bima imekataa, homoni hizi ni za kina mama, na kadi inasema mwanamume. Wote wakanitazama, kichwani hadi viatuni. Mzee mmoja akamvuta mkewe kando — kama mimi ndiyo mafua.

Miaka mitatu nameza vidonge hivi. Mwezi uliopita walilipa! Karatasi yangu ya ukimbizi ina M, ya mwanamume, tangu nilipoingia nchi hii ya kusini. Mimi sijabadilisha kitu. Ni wao.

Nimetoka mikono mitupu. Skafu nimeisahau kaunta. Siirudii ng'o.

Alhamisi, 7 Juni

Nimewapigia bima nikiwa nimejifungia chooni kazini. Muziki. Muziki tena. Halafu kijana: "Sir." Nikamwambia naitwa Falonne. "Yes, sir." Eti dawa yangu imehamishwa kundi, sasa ni urembo. Urembo! Kama rangi ya kucha! Aliyeniandikia ni daktari, si saluni.

Na mimi kazi yangu ni hiyohiyo, kupokea simu za Wakongo siku nzima kwa Kifaransa, bando limeliwa, laini imefungwa, wananitukana mpaka ukoo. Sijamwambia hata mmoja kwamba yeye si yeye.

Jumatano, 20 Juni

Daktari amekata rufaa. Vidonge vimeisha, kununua mwenyewe siwezi. Asubuhi nimepapasa kidevu — ndevu. Nikakaa kitandani, nguo mkononi, nikashindwa kuvaa.

Mchana nikala na Jeannine, jirani yangu wa meza. Mama wa Likasi, Mkongo mwenzangu, rika la mama yangu, ananiita mwanangu. Akatoa kidonge chake, kile cha joto la ukomo wa hedhi. Nikaliona boksi. Kilekile! Jina lilelile, bima ileile! Yeye hawajamuuliza hata swali.

Nikamwambia nusu: nami natumia, wamenikatalia. Hakudodosa. Nadhani anafikiri nina shida ya kizazi. Akanisukumia pakiti chini ya meza: "Kamata, mwanangu. Miye nitavumilia, si ni baridi?" Nikakataa. Akaitumbukiza kwenye mkoba wangu kwa nguvu.

Nimemeza. Nimelia pia, kwa hasira tupu. Mama wa watu atoke jasho kwa sababu yao!

Ijumaa, 29 Juni

Rufaa imekataliwa. Mistari miwili. Jina la daktari wamelikosea.

Jumatatu, 9 Julai

Mtu wa bima alikuja ofisini kwetu Marshalltown kutueleza mafao. Suti, biskuti, kalamu za bure. Akasema bima yetu haimwachi mtu.

Haimwachi mtu!

Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza. Nikasimama. Akaniomba tuzungumze pembeni. Pembeni gani? Famasi si walinianika hadharani? Nikasema yote, mbele ya wote: kwamba nilipozaliwa waliandika mvulana, kwamba mimi ni mwanamke, kwamba dawa wanayoninyima ndiyo hiyohiyo wanayomlipia — nikanyoosha kidole — Jeannine!

Yule bwana akaandika kitu. Jeannine akainama. Ndiyo kwanza alikuwa anasikia, tena pamoja na watu wote. François wa utumishi akanishika kiwiko: tulia, dada, keti.

Kikao kilipokwisha nikamkimbilia Jeannine. Alishashuka ngazi.

Jumapili, 15 Julai

Wamevizuia vidonge vya Jeannine! Nimewaomba wanipe mimi, wao wamemnyang'anya yeye! Washenzi! Ijumaa François alinivuta kando akanieleza: bima wanachunguza, wanashuku anagawa dawa. Kesho wanataka kunihoji. Wataniuliza: je, Jeannine aliwahi kunipa? Halafu François akashusha sauti — wamedokeza kwamba nikishirikiana nao, faili langu litatazamwa upya.

Faili langu! Nimuuze mama wa watu kwa boksi la vidonge!

Nikisema hapana, naongopa, na wakigundua nafukuzwa. Nikisema ndiyo, nimemmaliza. Na yeye wiki nzima hajanisemesha. Ijumaa nilimwona anajipepea kwa faili, anapokea simu, jasho linamchuruzika shingoni, Julai hii, wenzetu wote wamevaa makoti. "Bonjour, nikusaidie nini?" Sauti yake ileile. Nikapita.

Chai yangu imepoa. Nimejaribu kuandika nitakachosema kesho, nimechana karatasi zote. Kwa nini niwajibu hata! Nani anawahoji wao?

Geti limelia. Mwenye nyumba anamfungulia mtu. Kifaransa — halafu Kiswahili chetu cha kwetu. Ni Jeannine! Nimechungulia: kitenge cha kanisani, Biblia kwapani. Amefuata nini? Ameshajua kwamba wananihoji?

Anagonga.

"Falonne."

Hajawahi kuniita kwa jina. Sijui kama ni hasira. Sijanyoa leo.

"Falonne, fungua. Najua uko humo ndani."

Naweka kalamu. Nafungua.