Saa Tupu za Mashine ya Mawese

Rafiki yangu Furaha,

Nimekukasirikia. Naanza hapo kwa sababu hukupenda mtu anayezungukazunguka. Miezi ya kwanza nilikulilia kama rafiki anavyomlilia rafiki. Tangu mvua zianze, kilio kimegeuka hasira, na hasira hii sina pa kuipeleka ila kwako.

Zile saa mbili ulizoziacha tupu kwenye mashine, moja ya asubuhi na moja baada ya adhuhuri, Mzee Salvator amezijaza. Hazikumaliza hata wiki mbili baada ya arobaini yako. Alipita kiwandani kama prezida wa koperative anavyopita, mikono nyuma, akakuta mashine imezimwa na fundi anakunywa chai. Akaniuliza, "Dada Zuhura, watu wako na ngazi za michikichi huko vilimani, na mashine inalala?" Nikamwambia ni mpango wa Furaha. Akasema, "Furaha, Mungu amurehemu. Lakini mashine tuliinunua ifanye kazi." Siku ya pili wafanyabiashara wawili wenye magari wakapewa zile saa.

Na mimi niliwaandika, Furaha. Nilikaa pale langoni na daftari langu, mimi niliyewafokea wanaume wenye mapanga wasiruke foleni, nikaandika majina yao.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka Bujumbura na diploma yako ya gestion, ya kuendesha kazi? Kila mtu alidhani utataka ofisi yenye pazia. Wewe ukageuza bidoni ya bluu, dumu tupu la mafuta, ukakaa juu yake pembeni yangu, wiki tatu nzima, unaandika nani amefika saa ngapi na ametoka saa ngapi. Akina mama wakadhani wewe ni mtu wa kodi. Wakati ule wote walikuwa wanafika Jumatatu, kila mmoja akitaka awe wa kwanza, na magunia yanapangwa mpaka barabarani. Ngazi zilizopukuchuliwa zikikaa siku tatu juani ndani ya gunia zinapata joto lao wenyewe. Ukitia mkono unahisi zinachacha. Mafuta yake yanakwaruza koo, hakuna wa kupikia. Yanachukuliwa na watengeneza sabuni, nao wanalipa wanavyotaka.

Halafu ukaleta ile karatasi. Minago Jumanne, watu wa juu Jumatano, kila mlima na siku yake, kila siku na idadi yake ya magunia, na saa mbili mashine haina mtu. Wewe ukaiita modeli. Sisi tukaiita karatasi ya Furaha. Foleni ikaisha. Mama Chantal wa Minago alikuwa anakuja asubuhi na baiskeli yake, na adhuhuri anarudi nyumbani na mafuta mekundu, mazuri, akiimba.

Siku moja tukila muhogo na ndagala nilikuuliza kwa nini zile saa tupu. Ukaanza kunieleza, ukachora na kidole kwenye vumbi. Nikacheka, nikakwambia, "Wewe fanya hesabu, mimi nitafokea watu." Nawe ukacheka, ukafuta vumbi, ukasema, "Sawa, tugawane."

Kwa nini ulikubali? Hilo ndilo linaloniuma. Kwa nini hukunishika sikio ukaniambia keti chini, mjinga wewe, sikiliza mpaka mwisho?

Maana foleni ilirudi. Hata haikurudi pole pole. Magunia ya wale wawili yalikuwa machache, ukilinganisha na ya wiki nzima, nami nilidhani tutachelewa kidogo tu. Ndani ya mwezi mmoja watu wakawa wanalala na magunia yao. Mama Chantal alifika Jumanne yake akakamuliwa Ijumaa. Alipoyaonja mafuta yake hakunitukana. Aliniangalia tu, akasema, "Zuhura, ni wewe uliniandikia Jumanne." Afadhali angenitukana.

Nikaenda kwenye mkutano wa koperative na karatasi yako mkononi. Nilivaa kitenge kile tulichonunua pamoja. Nikasema turudishe saa tupu. Mzee Salvator akanijibu kwa adabu, na adabu yake iliniumiza kuliko ukali: "Dada, tueleze. Foleni ni ndefu. Wewe unataka mashine ifanye kazi kidogo zaidi. Foleni itapungua namna gani?"

Watu wakacheka. Mimi nikaangalia karatasi. Siku zote nilizijua kwa moyo, milima yote, idadi yote. Sababu sikuijua. Nikasema, "Furaha alisema hivyo." Mtu mmoja nyuma akasema kwa Kirundi kwamba marehemu hapigi kura. Nikakaa chini. Furaha, sijawahi kuona aibu namna ile, na wewe ulikuwa umelala zako kule mlimani, umetulia, na jibu lako.

Nilitaka kuichoma ile karatasi. Nikaenda kwa mama yako kabla hajavuka ziwa kurudi kwao Fizi, nikamwomba madaftari yako. Nilikaa nayo siku nyingi. Kurasa nyingine ni alama tupu, sikuelewa kitu. Lakini zile wiki tatu za bidoni nilizielewa, kwa sababu nilikuwepo. Basi nikachukua daftari jipya nikafanya vilevile: nani amefika, amengoja mpaka saa ngapi, ametoka saa ngapi. Majuma mawili. Mzee Salvator akipita, ananitazama kama unavyomtazama mtu aliyefiwa anayeongea peke yake.

Ndipo nikaona. Asubuhi moja moto ulizimika chini ya pipa la kuchemshia ngazi kabla ya kukamua, tukapoteza saa moja. Zamani saa ile ingelipwa na saa yako tupu, na mchana kila mtu angekuwa kwenye zamu yake. Sasa haikuwa na wa kuilipa. Mtu wa saa tatu akaenda saa nne, wa saa nne akaenda saa tano, wa mwisho akasukumwa mpaka kesho, na kesho nayo ilikuwa imejaa. Saa moja ile niliifuata kwa kalamu siku tatu nzima, bado inatembea kwenye daftari inasukuma watu. Nikasema kwa sauti, "Kumbe!" Fundi akadhani nimeumwa na nyoka.

Nilitaka kukimbia nikuambie. Nilisimama kabisa, Furaha, nikachukua viatu.

Halafu nikaona na jingine, na hapa ndipo hasira ilipozidi. Ulikosea. Ndiyo, wewe! Ulikaa kwenye bidoni yako wakati wa jua. Kuni zilikuwa kavu, pipa linachemka upesi, ukaandika muda ule kama ndio wa mwaka mzima. Sasa kuni ni mbichi, moshi mtupu, pipa moja linachukua karibu muda wa mapipa mawili yako. Hata Mzee Salvator asingegusa kitu, karatasi yako ingetuangusha mvua hizi. Mimi ningekuwa pale langoni naitetea, nikifokea watu kwa ajili ya kosa. Ungeniuliza tu! Ningekuambia. Nimewasha moto wa mawese tangu niko msichana. Lakini tulikuwa tumegawana.

Sikurudi kwenye mkutano. Nilimwomba Mzee Salvator jambo moja: asimame nami langoni siku moja, tangu kufungua mpaka kufunga. Alikuja Jumanne, kwa heshima ya kifo chako nafikiri. Mvua ilikuwa imenyesha. Pipa la kwanza likagoma kuchemka. Sikumweleza kitu. Nilimpa kalamu, nikamwambia aandike mwenyewe kila mtu amesogezwa mpaka wapi. Ilipofika alasiri alikuwa ameandika mpaka Alhamisi. Akafunga daftari, akauliza, "Na saa mbili zinatosha?" Nikamwambia kwa mvua hizi, hapana, tatu, na watu wachache kwa siku. Akakuna kichwa. "Tujaribu mwezi mmoja."

Tumejaribu. Mama Chantal juzi alingoja mpaka alasiri ya siku yake, si zaidi. Mafuta ni mazuri. Bado hajaimba.

Na Jumapili Mzee Salvator ametangaza mbele ya wote mpango mupya wa prezida. Ndivyo alivyosema. Jina lako hakulitaja, langu pia. Wakapiga makofi, nami nikapiga, kwa sababu mashine inapumua na sikutaka isipumue kwa ajili ya jina. Lakini nilirudi nyumbani nikavunja sahani.

Hukuona ulichokosea, hukuona nilichogundua. Ungekuwa hapa ungekataa kwanza, najua. Ungesema kuni ni kazi yangu, hesabu ni yako. Tungebishana mpaka sauti zikauke. Sasa nabishana peke yangu, Furaha, kila siku nashinda, na kushinda huku hakuna utamu wowote.

Ahadi yangu ni hii. Jua likirudi nitahesabu tena, na mvua zikirudi nitahesabu tena, wala sitaweka muda wa msimu mmoja juu ya mwingine. Na sababu ya zile saa nitaifundisha kwa yeyote atakayekaa langoni, hata akicheka, hata akisema tugawane. Nitamshika sikio.

Lala salama, dada yangu. Mola wangu na Mungu wako ni mmoja, akupe kivuli. Sijamaliza kukukasirikia, na sina haraka ya kumaliza.

Zuhura wako