Kaka na Ndege ya Manowari

Dada Zuwena,

Hujambo mwenzangu? Jua la huku Azaiba limenikausha kama samaki ng'onda.

Kaka yetu nimemkuta kashika picha ya ile ndege ya vita iliyokuwa ikiruka kutoka kwenye manowari aliyopikia marehemu baba. Si unamjua, kila tukionana hunisomesha historia yake: ilivyokunja mbawa ikaingia tumboni mwa meli, ilivyonasa kamba ya sitahani kwa kulabu ya mkiani ikitua, isitumbukie baharini. Nikamchokoza, "Uwongo mtupu! Ndege ya chuma ikunje mbawa, kwani kuku?"

Zamani angenirushia kikombe. Leo kacheka kwa adabu. "Kweli, bwana mgeni. Kunywa kahawa."

Dada, hanijui tena. Nnakupenda, basi nitukane wewe, nihisi bado nna ndugu.

Mtukutu wako,
Seif