Kofia ya Baba Chini ya Kuku

Mama yangu mpendwa,

Natangaza rasmi, kwako na kwa Bugene nzima: vita imekwisha, nimeshinda. Adui walikuwa wawili, vitukuu vyako Zuhura na Hamisi, wote vibogoyo wa meno ya mbele.

Unaikumbuka kofia ya Baba uliyoiacha umedarizi nusu, Mungu alipokuchukua? Niliapa nitaimaliza aivae Idd hii. Hariri uliyokuja nayo toka pwani ilibaki shada moja, na misafara ya Tabora hailetagi rangi ile.

Nilipokuwa mdogo wewe ulificha uzi kwenye mtungi wa mtama, ukinifokea, "We panya, toka hapo!" Panya nilikuwa kweli. Siku mbuzi wa jirani alipopita mlangoni na hariri yako niliyomzungushia pembe zote mbili, ulimkimbiza huku unacheka, kaniki inakuponyoka.

Kwa hiyo mtungi sikuuamini. Hata kapu la darini halikufaa: msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ulipoanza niliwakuta wale wawili uani wamewafunga senene kwa hariri, kila mmoja na kamba yake.

"Ng'ombe zetu hao, Bibi," Zuhura akasema. "Wanakwenda malishoni."

Nikafungua vifundo vyote, nacheka nusu nalia. Ndipo nikapata akili ya kijemadari. Kuku wangu mwekundu alikuwa ameatamia nyuma ya nyumba, mkali, hata mbwa anamzunguka mbali. Alipokwenda kunywa maji, nikatia kofia, uzi na sindano ndani ya kikapu chenye mfuniko, nikakifukia chini ya majani makavu ya mgomba anayolalia. Hakuna aliyekigusa. Nilitembea kifua mbele kama mke wa liwali.

Sasa nikwambie ukweli, maana wewe hukuwahi kudanganyika. Mayai yalipokaribia kuanguliwa kuku akakataa kabisa kutoka, na Idd ile inakuja. Nikapeleka mkono. Alinidonoa mpaka nikapiga yowe, majani ya mgomba yamejaa kichwani.

Watoto wakaja mbio. "Umemwendea bila hodi, Bibi," Hamisi akanilaumu.

Zuhura akamwaga senene mbele ya kuku. Kuku akainuka kula, Hamisi akapenyeza mkono, kikapu hiki hapa.

"Kumbe mlijua kimo humo?"

"Tangu ulipokificha. Tulikuona."

"Mbona hamkuchukua?"

Zuhura akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Si kofia ya Babu?"

Nikaimaliza, wao wakinitungia uzi kwenye sindano, maana macho yangu siku hizi ni ya mapambo tu. Asubuhi ya Idd Baba aliivaa, akaivua, akaipapasa polepole kwa vidole pembezoni mote. Akasimamisha kidole. "Hapa ameshona mama yako," akasema. Akakisogeza kidogo. "Na hapa ndipo panya alipoingia."

Akaivaa tena, akaenda kuswali.

Lala salama, Mama.

Binti yako,
Panya