Uhamisho Ambao Sikuuomba

Kituo cha Afya,
Ziba.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Jicho linaendeleaje tangu walifunge bandeji? Kaka Wenceslaus na wanawe hapo Mtendeni, Tabora, hawajambo? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio umepigwa na butwaa, na ningekupigia simu ningeishia kulia.

Juzi nililetewa barua ya uhamisho: mwezi ujao niondoke hapa, nihamie hospitali ya hapo mjini Tabora. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kumfanyia upasuaji mama mmoja wa kwetu Choma, mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Wote wawili wazima.

Nikamshuku daktari mwenzangu, Mustafa. Yeye ni mtoto wa mfanyabiashara wa mjini, hata mbuzi hajawahi kuswaga. Alipofika, wauguzi walisema hamalizi masika moja, nami nikacheka nao. Basi nikajua ameomba kutoroka, majina yakachanganywa. Nilimfokea mbele ya watu kwamba akiomba kukimbia aombe kwa jina lake. Akanijibu kwa upole kwamba hajaomba kwenda popote, na kwamba mke wake ameshapanda mahindi nyuma ya nyumba. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo nikapiga simu ofisi iliyoandika barua ile. Afisa akashangaa kuliko mimi. Akasema ombi lililetwa na mzee mwenye bandeji jichoni, aliyeeleza kuwa hana wa kumuuguza ila binti yake daktari. Akaongeza kwamba mzee huyo alipokuwa akiaga alisema hakuuza ng'ombe wake ili binti akasome kisha arudi alikotoka.

Baba, ni wewe? Nyumba ya kaka imejaa watu, leo umekosa wa kukuuguza?

Najua yanayosemwa Choma baada ya misa: binti wa watu kasoma miaka yote hiyo, kumbe mjini kafukuzwa. Najua yanakuuma. Lakini kuna jambo sikukuambia, maana niliogopa uso wako. Mimi sikutupwa Ziba. Tulipoulizwa tunataka kufanya kazi wapi, niliomba mwenyewe kuja huku, karibu na kwetu Choma. Wenzangu waliozaliwa mjini walinishangaa, na waliozaliwa vijijini kama mimi walinishangaa zaidi. Kama nilikotoka ni pabaya hivyo, Baba, mbona ndiko ulikonilea?

Mustafa nimeshamwomba radhi. Uhamisho nimeukataa kwa maandishi, na sababu uliyoitoa nimeiheshimu: binti yako atakuuguza. Kaka atakupandisha basi Jumamosi. Kitanda chako nimeshakitandika hapa Ziba.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mwanao,
Imakulata