Granti ya Mtoto wa Dada

Jumatatu, 3 Machi 2014

Mama Achille amenunua friji! Mpya, bado iko na nailoni. Wanaume wawili wanaipandisha ngazi, yeye nyuma yao, polepole jamani, polepole — ili nyumba nzima isikie. Tumesikia. Tunapanga vyumba jirani hapa mtaa wa Glenwood, jiko moja, choo kimoja. Wote wawili wakimbizi, wote wa Uvira, wote tunasuka saluni moja. Friji ameitoa wapi?

Nimesema hongera. Meno tu ndiyo yalicheka.

Jumatano, 5 Machi

Nimejua. Ni Yeremia! Mtoto wa marehemu kaka yake. Ameniambia mwenyewe tukisuka kichwa kimoja, yeye kushoto mimi kulia. Ati serikali ya hapa iko na granti mbili, pesa za kulea mtoto, kila mwezi. Ndogo ya mtoto wako wa kuzaa, ile napata kwa Larissa. Na kubwa, zaidi ya mara mbili, kwa anayelea mtoto wa mwingine. Unaona social worker, yule wa ustawi wa watoto, unafika kortini, hakimu anakubali, basi.

Nilivuta rasta mpaka mteja akasema eish!

Larissa ni wa dada yangu Marie. Marie alikufa mtoto hajaota meno. Nimembeba mgongoni mpaka huku. Na waliponiuliza kwenye ofisi ya wakimbizi huyu ni nani, nilisema mtoto wangu. Ningesema nini? Kwetu mtoto wa dada yako ni wako, hakuna anayeuliza alitoka tumbo gani. Kumbe hapa nimejipunja. Ningemkana ningelipwa vizuri!

Jumapili, 9 Machi

Ushuhuda kanisani. Mama Achille kasimama na kitenge kipya: Mungu ameniona. Mungu! Ni Yeremia aliyeonwa. Na Yeremia anavaa viatu vya Achille vilivyochoka, vidole nje. Larissa wangu hajavaa cha mtu hata siku moja.

Nilipiga makofi kuliko wote. Wivu? Ndiyo, wivu.

Jumanne, 11 Machi

Ananishauri sasa, na sauti ya dada mkubwa. Nenda, Mama Larissa, sema ni wa marehemu, hawafungi mtu kwa hilo.

Kwake rahisi. Akimtoa Yeremia, Achille anabaki. Mimi sikuzaa. Huyu ndiye niko naye, jina langu lote hapa mjini ni Mama Larissa. Na mwenyewe hajui. Miaka yake yote tisa ananiita mama.

Siendi!

Jumatano, 19 Machi

Mama Achille kampa Larissa juisi ya baridi. Larissa kaja nayo mbio: Mama, sisi tutanunua friji lini?

Nimempigia simu social worker. Nimesema ni mambo ya granti tu, sikueleza. Niende Jumatatu asubuhi.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika chooni, kwenye ofisi ya social worker. Mlango nimeufunga.

Nilitaka Larissa abaki shuleni. Walikataa, lazima mtoto aonekane. Sawa. Nikamwomba Ezekieli wa kanisani aje atafsiri, kwa sababu Kiingereza changu ni cha saluni — short, long, sit nicely. Ezekieli hajatokea! Simu imezimwa. Social worker, mama mmoja wa Kihindi, mpole, akasema hakuna shida, mtoto anaongea vizuri, atatusaidia. Hakujua nimeleta jambo gani. Ningemwambiaje?

Larissa akafurahi! Akakaa wima, mikono juu ya magoti. Jina la mama? Akajibu bila kuniuliza. Tulitoka wapi? Uvira. Nikaanza kutulia, mjinga mimi.

Halafu yule mama akauliza swali refu. Larissa akacheka kidogo. Akanigeukia.

— Mama, anauliza eti mimi ni mtoto wako wa kuzaa, ao wa mtu mwingine. Nimwambie nini?

Nimesema tumbo linaniuma. Nimekimbia. Mimi mtu mzima, nimekimbia!

Nikirudi nikasema wa Marie, ni Larissa atakayelitamka neno hilo, kwa mdomo wake. Nikisema wangu, basi ni wangu, na siwezi kurudi hapa tena.

Wanagonga. Ni yeye.

— Mama, toka basi. Nimeshamjibu. Nimemwambia wa kuzaa. Ameandika.

Nimefungua bomba, asinisikie.