Mama Alipomwambia Mama Mdogo Sorri

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mpe Mkaza Mjomba, umwambie koti alilonitumia limenikaa vizuri, ila mikono ni mirefu kidogo, ninaikunja. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unapanda ngazi kwa mguu mmoja huku mwingine ukiuburuta nyuma kama mzigo. Natumaini sasa miguu yote miwili imepatana. Hapa sisi ni wazima. Mimi nilikuwa na kikohozi cha vumbi la chaki, kimepoa. Mama ana nguvu zake, na mdomo wake nao una nguvu zake.

Najua nimekaa kimya mno. Usinilaumu, ni mtihani. Si unajua bado nafundisha Kiingereza watu wazima jioni, katika kile chumba juu ya duka la magodoro? Mwenye duka analalamika kwamba tukianza kukariri kwa pamoja, wateja wake wanaolala kujaribu magodoro wanashindwa kufumba macho. Wanafunzi wangu ni watu na kazi zao: kinyozi, fundi bomba, mlinzi wa benki, muuza miwani. Na tangu mwaka uanze nina wengine wawili ambao unawajua kuliko mimi. Dada zako.

Mama alijiandikisha kwa ajili ya wajukuu. Watoto wa kaka yangu huko waliko hawajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Wakipiga simu, Mama husema "Hau a yu", wao hujibu, yeye husema tena "Hau a yu", kisha hunipa simu na kwenda kusimama jikoni. Siku ya kujiandikisha alifurahi kama binti anayeanza shule.

Wiki iliyofuata akatokea Mama Mdogo. Alisema ni mambo ya kazi, kwamba hotelini kwao msimamizi wa mashuka hapandishwi kukaa mapokezi bila cheti cha Kiingereza. Ni kweli kabisa. Ila ni kweli pia kwamba alisikia dada yake anasoma, na roho yake ikakataa kuachwa.

Hawakusalimiana. Mama alikaa mbele dirishani, Mama Mdogo nyuma kabisa mlangoni, na wote wawili wakanigeuza mimi simu yao. "Mwalimu, mwambie huyo mwanafunzi wa mbele ashushe kichwa, sioni ubao." "Mwalimu, mwambie huyo wa nyuma ubao haujahamia kichwani kwangu." Fundi bomba alinivuta pembeni siku moja akaniuliza kama hao kina mama wana kesi.

Habari ya mapazia umeisikia kwa simu kutoka pande zote mbili, na kila upande umekuapia. Lakini mimi nilikuwepo, acha nikueleze bila kuegemea upande. Mama alimshonea Mama Mdogo mapazia ya sebuleni, yale ya kijani yenye maua. Siku ya kuyatundika kulikuwa na wageni. Mama Mdogo akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa upande, akasema mbele ya watu wote, "Mbona yamepinda?"

Mama alipanda kiti, akayashusha, akayakunja polepole kama anavyokunja nguo ya mteja, akawaaga wageni mmoja mmoja, akaondoka nayo. Wageni wakamalizia chai yao wakitazamana na wapita njia. Tangu hapo, huu mwaka wa pili, Mama Mdogo hajanunua mapazia mengine. Anasema anayangoja yale yale, na samahani juu yake. Mama naye kayapiga pasi na kuyafungia kabatini, anasema yatatoka siku atakayoombwa samahani yeye. Wewe mwenyewe ulijaribu kuwasuluhisha, Mjomba, ukaishia kukatiwa simu mara mbili kwa siku moja.

Sasa sikia. Mtihani wa kuzungumza hufanywa wawili wawili. Nilikuwa nimewapanga kwa akili zangu zote: Mama na mlinzi wa benki, Mama Mdogo na muuza miwani. Asubuhi ile akaja mtahini, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kubembelezea mtoto. Akaitazama orodha yangu, akaiweka kando. Kwa utaratibu wao, watu huitwa kwa jina la ukoo, kwa kufuata herufi.

Jina la ukoo! Mimi mwalimu mzima nilisahau kwamba dada zako ni mabinti wa baba mmoja.

"Hawa wawili wana jina moja," mtahini akasema. "Ni ndugu?"

"Ni ndugu," nikasema.

"Afadhali. Ndugu hawaoneani haya, watazungumza vizuri."

Kazi yangu mimi ilikuwa kushika kinasa sauti. Mwalimu hatakiwi kusema, wala kutikisa kichwa, wala kutabasamu. Nikakaa kwenye kona kama stuli.

Wa kwanza kuingia walikuwa kinyozi na fundi bomba. Mtahini akamuuliza kinyozi kwa Kiingereza anafanya kazi gani. Akajibu kwa ujasiri, "Mimi nakata watu." Mtahini akanyanyua kalamu. Wengi? "Jumamosi wengi zaidi," akasema kinyozi, "wanapanga foleni." Nilijiuma ulimi mpaka machozi yakanitoka.

Kisha wakaingia wao. Kila mmoja amevaa kama anakwenda kuposwa. Wakakaa huku viti vimetazamana na wao wametazama ukuta. Mtahini akawapa picha moja: sebule yenye kochi, meza, taa, na dirisha kubwa halina kitu. Wazungumze, wakubaliane chumba hicho kinunuliwe nini. Mjomba, nilitamani niwe chini, juu ya godoro lolote.

Nakuandikia kwa Kiswahili waliyoyasema kwa Kiingereza, na makosa yao nimeyaacha yalivyo.

"Mimi naona chumba," Mama Mdogo akaanza. "Chumba ana kochi. Chumba hana pazia."

"Chumba hana adabu," akasema Mama.

Mtahini akaandika kitu.

"Pazia ako wapi?" Mama Mdogo akaiuliza picha. "Mwanamke mmoja anachukua pazia. Yeye ni mrefu. Yeye ni mzee. Yeye anapanda kiti, anachukua."

"Kwa sababu mwenye chumba ana macho mabaya," Mama akajibu. "Mimi napendekeza tununue miwani."

Hiyo "napendekeza tununue" nilikuwa nimeihangaikia darasani wiki mbili. Ilitoka safi, haina doa. Nikajawa na fahari na hofu kwa pamoja.

Unawajua dada zako wakigombana kwa Kiswahili: maneno yanakwenda kama cherehani, hakuna nafasi hata ya kupitisha wembe. Kwa Kiingereza ilibidi kila mmoja asimame, alitafute neno, alikose, achukue la jirani. Na matusi hawakuwa nayo. Mama alikunja uso, akatafuta tusi kubwa la kummaliza mdogo wake, akapata moja tu. "Wewe ni mwavuli!" Mama Mdogo hakukubali kushindwa. "Na wewe ni ndoo!" Sura ya vitu vya nyumbani katika kitabu chetu ndiyo waliyoishika vizuri kuliko zote.

Kisha Mama Mdogo akakwama. Nilimwona anatafuta jambo la kusema na halipati, mpaka akasema lile lililokuwa karibu. "Jioni mimi nakunywa chai jikoni," akasema. "Sebule iko uchi. Watu wa barabara wanaona mimi. Mimi nakunywa chai mmoja." Alitaka kusema peke yangu.

Mama aligeuka kutoka ukutani. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ya kile kiti. Akasema kwa sauti ndogo, "Sorri."

Hapa uelewe vizuri, Mjomba. Mama alikuwa anampa pole. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo: mtu akijikwaa, akiugua, akipatwa na jambo, mwambie sorri. Lakini Mama Mdogo amefanya kazi hotelini miaka yote hiyo, na huko neno hilo lina maana moja tu: shuka lina doa, mgeni amekasirika, unainamisha kichwa na kuomba radhi. Wenye lugha yao wanatumia neno moja kwa mambo yote mawili, sisi tunayo mawili. Basi Mama akatoa pole, na Mama Mdogo akapokea samahani.

"Sema tena," Mama Mdogo akasema. Akasogeza kiti mbele.

Nami darasani nikisema "sema tena" maana yake umetamka vibaya. Mama akakaa wima, akasafisha koo, akatamka kwa uangalifu kama anapitisha uzi kwenye sindano. "Sor-ri."

"Tena."

Mama akaona hapa alama zinapotea. Akajaza kifua, akatoa sentensi nzima kwa sauti iliyofika dukani chini: "Ai em veri sorri, mai sista!"

Mama Mdogo aliinuka, kiti kikaanguka, akamkumbatia akilia. Mama akanitazama juu ya bega la mdogo wake, macho yote mawili yananiuliza, hiki nini tena? Na mimi nimekatazwa hata kupepesa. Mtahini alikuwa ameshavua miwani, anaifuta kwa karatasi ya mtihani.

Hatujafika hata chini ya ngazi, Mama Mdogo ameshawatangazia kinyozi, mlinzi na mwenye duka la magodoro: dada yangu ameniomba msamaha, tena mara tatu, tena imerekodiwa. Mama akanishika mkono, kucha zikaingia.

"Nimeomba nini mimi?"

Nikamweleza. Akasimama pale ngazini hajui aende juu au chini. "Rudi ukamwambie huyo mama anipe mtihani mwingine. Mimi nilisema pole. Pole! Mtu anakunywa chai peke yake, utamwambia nini?" Kisha akataka nimfundishe pale pale namna ya kusema kwa Kiingereza "hukunielewa". Nikamwambia hiyo iko katika kitabu cha pili, nasi hatujakifikia. Mungu anisamehe.

Kesho yake mchana akaniambia nifuatane naye kwa Mama Mdogo, akanyooshe mambo kwa Kiswahili. Njia nzima alikuwa anaipanga hotuba, naisikia midomo inavyocheza. Tulipofika, dirisha lilikuwa limezibwa na shuka kuukuu, na kwenye meza ya sebuleni kulikuwa na vikombe viwili. Mama akafungua mdomo. Mama Mdogo akamwahi.

"Dada, kaa kwanza. Mimi nilikuwa nangoja neno moja tu, na umelisema, basi na mimi nina langu. Mapazia hayakupinda. Dirisha ndilo lililopinda, fundi alilijenga vibaya. Nililijua siku ile ile, hata wageni hawajaondoka. Nikaona aibu kukufuata. Nisamehe."

Mama alibaki na mdomo wazi kama droo iliyokwama. Niliiona ile hotuba yote imesimama mlangoni mwa meno, Mjomba. Akaimeza. Akakaa, akanywa chai, akalipima dirisha kwa jicho. Kisha akasema, "Nilijua tu. Mimi sijawahi kushona kitu kikapinda." Akanituma nyumbani nikalete mapazia na mkebe wa sindano. Alikaa mpaka jioni akiyapunguza upande mmoja, ili yafuate lile dirisha bovu na kwa macho yaonekane yamenyooka. Mama Mdogo alimshikia kiti.

Majibu yametoka juzi. Mama Mdogo amefaulu vizuri, ataanza mapokezi mwezi ujao, na tayari anajizoeza kutabasamu mbele ya kioo. Mama sarufi imemtoa jasho, amepita kwa kuchechemea. Lakini kwenye mazungumzo amelishinda darasa zima. Mtahini ameandika pembeni: huomba radhi kwa hisia na ufasaha wa hali ya juu. Mama Mdogo ameisoma hiyo kwa sauti mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mama husikiliza ametazama dari.

Wajukuu nao walipiga simu jana. Mama hakunipa. Aliwauliza kwa Kiingereza kama kwao kuna mapazia, na walipomwambia hawana, wana yale mabati membamba ya kuvuta kwa kamba, akasikitika sana na kuomba vipimo vya madirisha.

Nina ombi moja, Mjomba. Mama Mdogo atakupigia akusimulie alivyoombwa msamaha. Mwambie hongera, kisha uulize habari ya kazi. Usichimbe. Juzi nilimuuliza Mama kama anataka nimweleze mdogo wake ile sorri ilikuwa na maana gani. Akanitazama kwa jicho la mwenye mkasi mkononi. "Wewe ulinifundisha maana mbili," akasema. "Niachie nichague."

Wasalimie Mkaza Mjomba, mapacha, na Bibi Mpangaji wa chini, mwambie dawa yake ya mgongo nimeitafuta sijaipata. Kinyozi anakusalimu ingawa hakujui. Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mwema na ngazi fupi. Mama na Mama Mdogo wanakusalimu. Hebu irudie hiyo sentensi, Mjomba, maana ni mara ya kwanza baada ya miaka miwili nimewaweka kwenye mstari mmoja, na wamekaa bila kusukumana.

Wako akupendaye siku zote,
Mpwa wako, Kasuku