Gitaa Lako Nimelikamata, Binamu

Mpendwa binamu,

Gitaa halipandi basi. Naanza na hilo ili usihangaike kutafuta salamu, salamu zitafuata zikipenda. Ujumbe wako nimeupata: kuna mtu Tanga anataka kulinunua, nilichukue kwa bibi ulikoliacha, nilifunge vizuri kwenye blanketi nimkabidhi kondakta, na kwamba wewe huimbi tena. Niliusoma nikiwa nimeshika mashine ya kunyolea. Mteja akaniangalia kwenye kioo, akauliza, "Vipi kijana, kuna msiba?" Nikamwambia, "Bado. Kuna mtu anataka kujizika mzima, lakini nimemkatalia."

Nakuandikia hadharani, kila mtu asome, kwa sababu simu zangu hupokei na kwa sababu jambo lenyewe linataka mashahidi. Sikiliza basi, na mashahidi wasikilize: gitaa lako nimelikamata. Kwa utani. Wewe ni mtoto wa mjomba, mimi ni mtoto wa shangazi yako, na sheria yetu unaijua tangu hujaota meno. Mtani akikukamata kitu, hukipati kwa polisi wala kwa machozi. Unakuja mwenyewe, unakikomboa.

Na usijifanye umesahau, maana aliyenifundisha ni wewe. Unaikumbuka Idi ile kwa bibi, Sindeni? Nimetoka kuswali, nimevaa viatu vipya vyeusi, najiona kijiji chote changu. Nikavivua mlangoni niingie ndani kula. Natoka, viatu hakuna. Wewe umesimama kule kwenye mafiga ya pilau, umevining'iniza kwenye mwiko, unapiga kelele: "Mwenye viatu aje aimbe!" Mimi, binamu. Mimi ambaye nina kila kipaji duniani isipokuwa hicho kimoja, sauti yangu kama mlango wa choo. Nikaimba peku mbele ya wanawake wote, mama yangu akaziba uso kwa kanga kwa aibu. Uliponirudishia viatu ukaninong'oneza, "Sauti mbaya, ila umeimba kweli." Nikajua unanicheka. Siku hizi ninapokusikiliza wewe ndipo naona kwamba ulikuwa unanisifu kwa sifa kubwa kuliko zote ulizonazo.

Mwaka ule ulipokuja Sindeni kutoka Kilole na gitaa mgongoni, nilikutania nikaishia njiani. Sijawahi kushindwa utani mbele yako, siku ile nilishindwa. Mchumba wako wa Mombo alikuwa amebadili nia. Washenga walishakula wali wetu, barua ya posa ilishajibiwa, mama yake alishakuita mkwe, halafu jamaa akaona basi, haiwezekani. Hata hamkugombana. Mimi nilitaka nimfuate nikamnyoe upara kwa kisu. Bibi hakuuliza kitu. Alikutazama tu, akasema, "Ingia kule ghalani, mwanangu. Kule hakuna atakayekuona umevimba macho."

Hivyo ndivyo studio yako ilivyozaliwa, na watu wajue leo. Mahindi yalikuwa yametoka shambani, magunia yamepangwa mpaka darini, na wewe ukapiga uzi mmoja wa gitaa katikati yake ukashtuka. Ukapiga tena. "Binamu, sikia," ukaniambia, "sauti hairudi. Inaingia kwenye mahindi inalala." Siku zile zote nikawa fundi mitambo wako: kufukuza kuku, kuzuia watoto, kuangalia umeme. Naam, najua yule jogoo anayewika kwenye wimbo wa tatu alinitoroka mimi. Lakini wewe mwenyewe ulimwacha, ukasema amewika penyewe. Kwa hiyo huo ni mchango wangu katika historia ya muziki wa roki nchi hii, na simwachii mtu.

Albamu hiyo ya kwanza ukaiita *Shuka Lote*. Mpaka leo nikiisikia albamu ile nywele za mkono zinasimama. Gitaa linaanza chini chini, kama mtu anayetembea ndani asiwaamshe wenzake. Unaimba jinsi yule wa Mombo alivyokuwa anakuvutia shuka usiku, mnagombana, mnacheka. Halafu unasema: "Shuka lote ni langu sasa, na baridi ni yangu pia." Hapo ndipo unapokanyaga lile dude lako la mguuni na gitaa linaunguruma mpaka bati zinalia. Nakumbuka bibi alisimama nje ya ghala na upawa mkononi akapaza sauti: "Mwanaidi! Ukimaliza kugombana na huyo mtu uje ule!" Ukacheka hadi ukakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ufike. Na ukala.

Ya pili ndiyo inayoniua. Mvua zilikuwa zimegoma, magunia yameisha, ghala jeupe. Ulikaa pale pale, kwenye kigoda kile kile, ukafungua mdomo, sauti ikaenda ukutani ikarudi, ikaenda ikarudi. Mimi kwa utaalamu wangu nikasema tutundike mablanketi. Ukasema, "Acha. Ndivyo kulivyo." Na albamu ikachukua jina hilo hilo. Jamaa mmoja wa Arusha aliandika chini ya wimbo kuuliza mwangwi huo mtamu umerekodiwa studio gani. Nikamjibu: "Studio ya Njaa, Sindeni. Wahi, msimu unaisha."

Lakini mwangwi ule ulikufaa, binamu. Kwenye ya kwanza unapiga mlango mateke. Kwenye ya pili unafagia nyumba. Humlaani mtu tena. Na ule wimbo uliomwimbia mama yake, yule mkwe ambaye hakuwa mkwe, unamuuliza nani sasa anamsokota nywele siku ya Ijumaa! Watu wakiachana wanahesabiwa wawili. Wewe ndiye wa kwanza niliyekusikia ukisema wanaoachwa ni wengi, na kwamba kuna bibi mmoja Mombo ambaye hakumkosea mtu na ameachwa pia. Hakuna kampuni iliyokuambia uimbe hivyo. Hakuna meneja. Hata ngoma umepiga mwenyewe, na kwenye wimbo wa mwisho ulipiga debe la mafuta, nalo nimelitunza.

Sasa nikuambie yanayotokea hapa Makuyuni, maana wewe huko uliko unadhani nyimbo zako zimekufa. Kibandani kwangu, mimi kinyozi bora kati ya hapa na Segera, napiga albamu zako kila siku. Juzi alikaa mzee mmoja aliyekata mkonge maisha yake yote, mikono imekauka kama mkonge wenyewe. Gitaa lilipoanza akakunja uso.

"Kijana, hii nini? Redio imeungua?"

"Huyo binamu yangu, mzee wangu."

"Pole. Hamkumpeleka hospitali?"

Nikacheka nikaendelea kunyoa. Ukafika wimbo wa shuka. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikazima mashine nisimkate. Kichwa kilikuwa nusu mvi nusu upara. Akasema, "Usizime. Mashine zima, huyo usimzime." Wimbo ulipoisha akafuta uso kwa kile kitambaa changu cha kunyolea, nywele zote zikamganda mashavuni, akauliza polepole, "Huyu binti alijuaje habari za mke wangu?" Mke wake alifariki, binamu. Hakuachwa na mchumba wa Mombo. Lakini shuka ni lile lile.

Na mimi? Basi, uchukue na hili, ucheke. Yule msichana wangu niliyekuwa nakutambia, kwamba mimi siachwi bali naacha, ameniacha. Kwa bahati mbaya tu, hakunijua vizuri. Nilifunga kibanda, nikaweka *Ndivyo Kulivyo* mwanzo hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza sikujisikia fundi mitambo. Nilikusikia wewe. Ilikuwa kama mtu ameingia, amevuta kiti, amekaa karibu yangu bila kuniuliza kitu. Kama bibi alivyofanya na wewe.

Najua kwa nini unataka kuacha. Uliniambia siku ile pale Korogwe mjini, baada ya kuimba kwenye ule ukumbi mdogo, tumekaa kwenye ngazi unakunja waya zako. "Kila nikiimba naachwa upya," ulisema. "Mwenzangu ameoa, ana mtoto, ameshasahau. Mimi ndiye ninayemtunzia kumbukumbu." Nikakuambia akuajiri basi, uwe mlinzi wake. Ulicheka kwa mdomo, macho yakabaki pale pale. Ndiyo kazi ya mtani hiyo, kuchekesha mwenye msiba. Lakini msiba una siku zake, na mtani naye kuna wakati anaacha mzaha anamsaidia mwenzake kubeba.

Basi nabeba hivi. Huna deni la kuachwa kila siku ili sisi tulie. Yule mzee wa mkonge hakusikia habari za bwana wa Mombo, alisikia zake. Bwana yule ameshatoka kwenye nyimbo zako, binamu, alitoka siku nyingi. Waliomo sasa ni sisi. Kama umechoka kuzilinda, zishushe, tutazilinda wenyewe. Kuziimba kila jukwaa si lazima. Ila kuchoka kuimba habari za kuachwa si sawa na kumaliza kuimba. Kwani gitaa linajua kulia tu? Mimi niliyelilinda mlangoni nimelisikia likicheka.

Ndiyo maana sitaki fedha yako wala kuku wako. Fidia ya gitaa ni wimbo mmoja, ule ule mwiko, wale wale wanawake, mbele ya mafiga ya bibi. Wimbo wowote. Imba habari za jogoo, za mvua, za binamu yako mzuri wa sura aliyeachwa na asiyejua kitu. Ukishaimba, ukiniangalia machoni ukasema bado unataka kuliuza, nitalifunga blanketi mwenyewe na kulibeba kichwani mpaka stendi, wala sitakutania njiani. Hilo naapa mbele ya hawa wote wanaosoma. Lakini kwa ujumbe wa simu, kwa mgongo wa kondakta, haiwezekani. Mtu haachani na gitaa hivyo. Wewe unajua kuliko sisi wote jinsi inavyouma kuachwa bila mtu kuja kukuambia.

Bibi hajambo, magoti tu. Nikilala kwake Sindeni namwona anapita asubuhi kulifuta gitaa vumbi kwa upande wa kanga, akidhani simuoni, na kulisemesha Kizigua. Shikamoo zako zimemfika, anasema marahaba ya kwenye simu haimtoshi.

Mwaka huu mvua zimetuhurumia. Tumemaliza kupanga magunia, yamegusa dari. Jana niliingia ghalani nikasimama pale penye kigoda chako, nikaita jina lako kwa nguvu zangu zote.

Halikurudi. Limebaki mle ndani kwenye mahindi, linakusubiri.

Ni mimi, mtoto wa shangazi yako, mtani wako, mshika gitaa.